Mvulana au Msichana? Ufipa na Historia ya Kulisoma Tumbo

Nje ya Rukwa, Mollo inajulikana zaidi kwa gereza lake la kilimo na mashamba yake. Kwa watu wa Sumbawanga ni kata ya jirani tu, kipande cha uwanda wa juu wa Ufipa ambako baridi ya Juni na Julai humfanya mgeni kutoka Dar es Salaam anunue koti siku ya kwanza. Na huko, kama popote wanawake wanapokutana kisimani, mashineni na baada ya misa, tumbo la mwenzao likianza tu kuonekana, watu wameshaanza kulisoma.

Likichongoka mbele, ni mvulana. Likitanda hadi mbavuni, ni msichana. Mama aking'aa uso anabeba wa kiume. Akiota chunusi na kuvimba pua, basi binti kamnyang'anya uzuri wake. Mtoto akicheza upande wa kulia ni wa kiume, wa kushoto ni wa kike. Anayetapika alfajiri mpaka magharibi ana binti. Anayelilia ndimu, udongo na chumvi anapewa jibu moja, na anayetaka sukari anapewa jingine, ingawa kila nyumba ina kauli yake kuhusu lipi ni la nani. Siku hizi simu zimeongeza mengine: changanya mkojo na chumvi, au sukari, au dawa ya meno, kisha tazama povu.

Hakuna lolote hapo lililo la Kifipa peke yake. Hayo hayo yanasikika Tandale na Tandahimba, Mombasa na Bukavu, na baadhi yake yana umri mrefu kuliko Kiswahili chenyewe. Waganga wa Ugiriki ya kale, wa zama za Hippocrates, walifundisha kuwa wa kiume hulala upande wa kulia. Misri ya Mafarao ilikwenda mbali zaidi. Hati ya mafunjo ya zaidi ya miaka 3,000, ambayo sasa imehifadhiwa Berlin, inamwagiza mwanamke akojolee ngano na shayiri kila siku: nafaka moja ikitangulia kuota ni mvulana, nyingine ikitangulia ni msichana, zote zikikataa hana mimba. Mwaka 1963 watafiti wa Misri wakiongozwa na Paul Ghalioungui walikijaribu kipimo hicho maabara. Mkojo wa wajawazito uliotesha mbegu katika majaribio 28 kati ya 40, ule wa wasio na mimba haukuotesha kitu. Kwa hiyo Wamisri walikuwa na kipimo cha mimba ambacho si cha kudharauliwa. Kuhusu jinsia, mbegu hazikujua lolote.

Pwani ya Waswahili ilikuwa na njia yake ya kisomi. Mnajimu alichukua jina la mama na la baba, akageuza herufi za Kiarabu kuwa tarakimu, akajumlisha, akagawanya, na salio likiwa shufwa au witiri likatoa jibu. Misafara ya Pwani ilipanda hadi Ziwa Tanganyika katika karne ya 19, na Kirando, chini ya uwanda wa Ufipa, ikawa bandari ya wafanyabiashara wake, kwa hiyo hesabu hizo nazo ziliweza kufika mlangoni mwa Ufipa.

Kilicho cha Ufipa hasa kimo kwenye chuma.

Wafipa walikuwa mafundi wakubwa wa kuyeyusha chuma, na mabaki ya matanuri yao bado yamesimama porini, hasa upande wa Nkansi. Tanuri refu waliliita ilungu, kwa wingi malungu. Lilijengwa kwa udongo mpaka kufikia mita tatu hivi, na halikuhitaji mivukuto. Hewa ilivutwa yenyewe kupitia matundu ya chini. Kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kwa hiyo kilirudishwa katika tanuri dogo, kintengwe, safari hii kwa mivukuto, ndipo mhunzi akakifua kuwa majembe na mashoka. Maelezo ya kazi hiyo yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, yakaongezewa mengine mwaka 1958, wakati majembe ya viwandani yalikuwa yameshaifukuza kazi yenyewe sokoni. Baadaye wanaakiolojia kama Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Randi Barndon wa Norway waliyafuata mabaki na kumbukumbu za wazee.

Linalojitokeza katika maandishi hayo ni kwamba tanuri lilikuwa mwanamke. Lilitendewa kama bibi harusi: likapambwa, likaimbiwa, chini yake zikafukiwa dawa. Fundi mkuu alitunza kikapu cha dawa kama mganga anavyotunza mkoba. Wayeyushaji walijitenga na wake zao kwa muda wote wa kazi, kwa kuwa kulala na mwanamke kungeharibu tanuri. Mwanamke aliye hedhini hakusogea. Moto ulipowashwa tanuri lilikuwa na mimba, na chuma kilikuwa mtoto.

Mafundi wale walikuwa wabashiri kwa kila hali. Walisoma rangi ya moto, moshi, mlio wa hewa kwenye matundu. Kazi ikiharibika walitafuta aliyevunja mwiko. Lakini swali walilouliza tanuri lilikuwa moja tu: litajifungua salama? Ndilo swali walilouliza wakunga wa ukanda huu pia. Ng'ambo ya mpaka, kwa Wabemba wa Zambia ambao lugha yao ni jamaa ya Kifipa, mwanaanthropolojia Audrey Richards, aliyeanza utafiti wake miaka ya 1930, alieleza hofu iliyowatawala: uzinzi wa mume au mke wakati wa mimba ungeweza kumwua mama au mtoto. Mkunga aliyemwona mama anasumbuka na uchungu hakuuliza kama anayekuja ni wa kike au wa kiume. Alimtaka akiri, ataje jina la mtu. Ubashiri wa namna hiyo ulikuwa mkali, tena ulimwelemea mwanamke katika saa ambayo hakuwa na nguvu ya kujitetea, na hakuna sababu ya kuusifu leo kwa kuwa tu ni wa mababu.

Sasa majembe yenyewe. Katika Ufipa ya zamani jembe la chuma lilikuwa pia mali ya mahari. Mtoto wa tanuri alikwenda kumwoa binti wa watu, naye binti akazaa watoto wa nyama na damu.

Je, jinsia ya mtoto haikuwa na uzito wowote? Ilikuwa nao. Binti alileta majembe, mvulana alikuwa mkono wa shambani na mawindoni, na baba aliyekuwa na watoto wa namna moja tu alitamani namna ya pili, kama baba wa popote. Hata hivyo Ufipa haikuwa na sababu moja kubwa iliyowakosesha watu usingizi kwingineko. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeanza utafiti wake huku mwaka 1962, aliona kwamba uluko, yaani ukoo wa Kifipa, unahesabiwa pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Mtu ni wa watu wa baba yake na ni wa watu wa mama yake. Mahali ambapo jina, ardhi na tambiko hupita kwa wana wa kiume pekee, mke asiyezaa mvulana yuko hatarini. Mahali ambapo ukoo unapita pande zote, binti haukati.

Hata hadithi ya utawala inasema hivyo. Milansi, chini ya mlima Itweelele, ndiko wanakosema ufalme ulianzia kwa Ntatakwa. Siku moja akiwa mawindoni walifika wanawake wageni, nao wakakikalia kigoda chake. Aliporudi, utawala ulikuwa umeshahama; akabaki na mlima na matambiko. Watwa waliotawala falme za Nkansi na Lyangalile hadi wakoloni walipofika wanahesabu asili yao kwa wanawake wale. Nasaba ya watawala inayojisifu kwa bibi zake haiwezi kudai kwa sauti kubwa kwamba kuzaa binti ni hasara.

Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, walifika Karema mwaka 1885 na kuirithi ngome ya Wabelgiji. Kutoka hapo waliipanda Ufipa parokia kwa parokia. Askofu wao, Adolphe Lechaptois, alichapisha mwaka 1913 kitabu kizima juu ya watu wa ufukwe wa Tanganyika, ambamo Wafipa wana nafasi kubwa. Mila nyingi za ndoa na uzazi ziliandikwa na watu kama yeye, wanaume wasio na wake, waliozitazama kwa jicho la kutaka kuzibadilisha. Msomaji anapaswa kuyasoma maandishi hayo akikumbuka hilo, maana chumba cha uzazi kilikuwa cha wanawake, na padri hakuingia.

Upande wa tiba alikuwapo Adrien Atiman. Maisha yake yangetosha riwaya. Alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi inayoitwa leo Mali, akatekwa utotoni na kuuzwa, akakombolewa na mapadri huko Algeria, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 akiwa kijana. Hakuondoka. Alitibu watu wa ufukwe ule kwa miaka 67 mpaka alipofariki mwaka 1956, huku akijifunza mitishamba ya wenyeji pembeni ya dawa za Ulaya. Hospitali ya kanisa iliyoko Sumbawanga mjini ina jina lake, na wajawazito wengi wa leo wanatamka jina la mtu huyo wanapoaga nyumbani kwenda kupimwa.

Pamoja na dawa, misheni ilileta wasiwasi mpya juu ya kichanga. Mtoto aliye hatarini ilimpasa abatizwe papo hapo, na Kanisa linamruhusu mtu yeyote, hata mkunga, kufanya hivyo. Wamisionari walitaka mtoto azaliwe hai au angalau apate maji kabla hajafa. Tena swali ni lile la mafundi wa chuma. Uvulana na usichana uliandikwa baadaye, katika kitabu cha ubatizo.

Chombo cha kizungu kilicholisogelea tumbo kwa upole kilikuwa kile kipembe cha kusikilizia mapigo ya moyo, kilichobuniwa na Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895 na ambacho bado kiko katika zahanati za Tanzania. Nacho kilikuja na ubashiri uliokitangulia. Mwaka 1859 daktari Mjerumani aitwaye Frankenhäuser alidai kwamba moyo unaodunda haraka ni wa msichana na wa polepole ni wa mvulana. Takwimu za baadaye hazikumpa haki, lakini dai lake limeishi muda mrefu kuliko yeye, na wapo wazazi ambao leo bado wanamwomba nesi awatajie hesabu ya mapigo ili wakapige ramli nyumbani.

Mkoa wa Rukwa ulizaliwa mwaka 1974 kwa kumega Tabora na Mbeya. Katika miaka hiyo hiyo kliniki za mama na mtoto zilienea vijijini, na kadi ya kliniki ikawa kitu cha kutunzwa kama hati ya shamba. Nesi alipapasa tumbo, akapima urefu wake kwa futi kamba, akasikiliza kwa kipembe. Jinsia hakuijua, na hakudai kuijua.

Mashine iliyobadilisha yote, ultrasaundi, ina asili ambayo mhunzi wa Ufipa angeielewa bila mkalimani. Ian Donald alikuwa profesa wa ukunga huko Glasgow, mji wa meli na vyuma. Mwaka 1955 alipakia kwenye magari uvimbe uliotolewa katika matumbo ya wagonjwa, akaupeleka katika kiwanda cha Babcock & Wilcox huko Renfrew. Kiwandani walikuwa na mtambo wa mawimbi ya sauti wa kutafutia nyufa ndani ya chuma. Donald alitaka kujua kama sauti inayosoma ndani ya chuma inaweza kusoma ndani ya nyama. Iliweza. Akiwa na mhandisi Tom Brown na daktari John MacVicar, alichapisha matokeo katika jarida la Lancet mwaka 1958. Wafipa walilitazama tanuri la chuma wakaona mwanamke mwenye mimba. Waskoti walichukua kipima chuma wakamtazamia mwanamke mwenye mimba. Kazi hizi mbili hazikujuana kamwe, na hata hivyo zina undugu zaidi kuliko zile soga za tumbo kuchongoka.

Ultrasaundi haikubuniwa kutafuta jinsia. Ilikusudiwa uvimbe, kisha umri wa mimba, pacha, mahali kondo la nyuma lilipojishika. Jinsia ilikuja kama nyongeza, picha zilipokuwa safi kiasi cha kuonyesha mapaja ya mtoto. Na hapo ndipo mimba changa inapowaumbua wabashiri wote, wa jadi na wa mashine. Jambo lenyewe linaamuliwa siku ya kwanza: Nettie Stevens wa Marekani alionyesha mwaka 1905, kwa kuchunguza mbawakawa wa unga, kwamba mbegu ya baba ndiyo inayobeba tofauti, ikileta kromosomu Y ni mvulana, ikileta X ni msichana. Jeni inayowasha uvulana, SRY, ilitambuliwa London mwaka 1990. Lakini kwa macho hakuna cha kuona. Mpaka karibu wiki ya tisa viungo vya nje vya watoto wote vinafanana. Kuanzia wiki ya 12 au 14 fundi mzuri mwenye mashine nzuri anaweza kukisia kwa uhakika fulani, na uthabiti unakuja kuelekea wiki ya 18 hadi 20, mtoto akikubali kufungua miguu. Anayetangaza jinsia ya mimba ya miezi miwili kwa picha ya tumbo anauza maneno.

Damu ya mama, ndiyo, inajua mapema. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake waligundua kwamba vipande vya DNA ya mtoto huelea katika damu ya mama. Vipande vya Y vikionekana humo, anabeba mvulana. Kwa njia hiyo jibu linaweza kupatikana kabla ya miezi mitatu. Ni kipimo cha maabara kubwa na cha gharama, na hakikubuniwa kwa ajili ya udadisi wa shangazi.

Zile dalili za kisimani je? Zimepimwa. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kiliwafuata wajawazito 104 huko Baltimore na mwaka 1999 kikatoa jibu: umbo la tumbo halisemi kitu, bali huonyesha misuli ya mama na jinsi mtoto alivyolala. Jambo la kuchekesha ni kwamba wanawake waliosoma zaidi ya miaka 12 walikisia sawa kwa asilimia 71, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Dalili moja tu ilibaki na punje ya ukweli. Mwaka huo huo watafiti wa Uswidi walitazama wanawake waliolazwa hospitali kwa kutapika sana katika miezi mitatu ya kwanza, wakakuta karibu 56 kati ya kila 100 walizaa wasichana, wakati kwa kawaida wangekuwa chini kidogo ya 49. Bibi aliyesema kutapika sana ni binti hakukosea kabisa, ila tofauti hiyo ni ndogo mno kununulia nguo. Zinazobaki zote zinaishi kwa sababu rahisi: majibu ni mawili tu, kwa hiyo bibi atapatia nusu ya mara zote, na nusu hiyo ndiyo inayosimuliwa.

Kuna nchi ambako swali hili liliua. India ilipitisha sheria mwaka 1994 ya kuzuia vipimo vya jinsia kwa sababu mimba za kike zilikuwa zikitolewa. Mwaka 1990 mwanauchumi Amartya Sen alikuwa ameandika kwamba wanawake zaidi ya milioni 100 wamekosekana duniani, na aliitaja Afrika kusini mwa Sahara kama mahali ambako hesabu haikupinda hivyo. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130.

Tatizo la huku ni la sura nyingine. Madaktari wa Tanzania waliohojiwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 walisema ultrasaundi ni ya lazima lakini mara nyingi haipatikani inapohitajika. Mjini, kwa upande mwingine, wenye nacho wanaitumia kuandaa sherehe za keki za waridi na bluu, mtindo ulioanzishwa na mwanamke wa Marekani mwaka 2008. Hakuna ubaya katika furaha ya watu. Ubaya uko kwa mume anayerudi nyumbani na uso mzito kwa kuwa picha imeonyesha binti wa tatu, akamlaumu mke kwa kitu ambacho yeye mwenyewe alikileta.

Swali kubwa bado ni lile la kujifungua salama. Vifo vya uzazi Tanzania vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apate ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, ili kujua umri wa mimba, kugundua pacha na kuona kasoro mapema. Mama wa Mollo anayepanga safari ya kwenda kupimwa Sumbawanga mjini na aende na maswali hayo matatu mkononi. Jinsia haimo katika orodha hiyo.